Kenya na nchi zisizotambuliwa: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu Somaliland, Sahrawi na Kosovo

Kila Somaliland ikitajwa kwa habari naulizwa maswali yale yale, na kila waziri wetu akipiga picha na wa Morocco naulizwa tena kuhusu Sahrawi, yaani Sahara Magharibi, kwa hivyo nimeyaweka yote pahali pamoja. Penye nina maoni yangu nimesema ni yangu.

Nchi isiyotambuliwa ni gani hasa?

Ni pahali penye kila kitu cha nchi isipokuwa kukubaliwa na nchi zingine. Kuna watu, kuna ardhi, kuna serikali inakusanya ushuru na kufunga wezi, kuna bendera, kuna polisi wa trafiki, lakini ukitafuta jina lake kwa wanachama wa Umoja wa Mataifa hulipati. Mkataba wa Montevideo wa 1933 ulitaja vitu vinne vya kuifanya nchi iwe nchi: watu wanaoishi hapo, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kushughulika na nchi zingine. Kuna wanasheria wanasema ukiwa na hivyo vinne wewe ni nchi hata jirani zako wakikunyamazia, na wengine wanasema bila wenzako kukukubali wewe si kitu, na huo ubishi hauishi leo wala kesho.

Ukitaka kuelewa vizuri angalia pesa. Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, iliyojitangaza kujitenga na Somalia 1991, wabadilisha pesa wanakaa barabarani na shilingi ya Somaliland imepangwa mbele yao vibunda kwa vibunda kama matofali, manake thamani yake ni ndogo na unahitaji rundo kununua kitu cha maana, na wengi siku hizi wanalipana dola kwa simu kupitia Zaad iliyoanza 2009. Soko linaenda, watu wanakula, watoto wanalipiwa karo. Alafu ile shilingi ukivuka nayo mpaka, hakuna benki itaigusa. Hapo ndo unaona tofauti ya kuwa nchi na kutambuliwa kuwa nchi.

Kenya inatambua Somaliland?

Hapana. Haijawahi. Kwa Kenya hiyo ni sehemu ya Somalia.

Kama haitambui mbona marais wao wanapokelewa Ikulu?

Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Kutambua ni kitu kimoja na kushughulika ni kitu kingine. Unaweza kufanya biashara na mtu, ukaongea naye mambo ya usalama, ukampa ofisi mjini kwako, na bado usiseme yeye ni nchi. Kwa lugha ya wanadiplomasia kuna ngazi nyingi katikati, iko ofisi ya uhusiano, iko ubalozi mdogo ambao kazi yake ni viza na wafanyabiashara, alafu juu kabisa ndo ubalozi kamili. Ethiopia, Djibouti na Uturuki zote zina ubalozi mdogo Hargeisa na hakuna hata moja imetambua.

Kenya ilijaribu njia hiyo Desemba 2020. Rais wa Somaliland wakati huo, Muse Bihi Abdi, alialikwa Nairobi na Uhuru Kenyatta, wakatoa taarifa ya pamoja kwamba Kenya itafungua ubalozi mdogo Hargeisa kufikia mwisho wa Machi 2021, Somaliland nayo ipandishe hadhi ofisi yake ya Nairobi, na Kenya Airways ianze kwenda moja kwa moja. Ukiisoma ile taarifa polepole hakuna pahali imesema inatambua. Lakini picha zilikuwa na bendera mbili na viti viwili vinavyolingana, na Mogadishu waliziona picha kabla ya kusoma maneno.

Somalia ilifanya nini?

Ilikata uhusiano wa kibalozi. Tarehe 15 Desemba 2020, wakati Bihi bado hajamaliza ziara, Mogadishu ikatangaza kwamba mabalozi warudi kwao, kila upande. Ukweli ni kwamba Somaliland haikuwa sababu peke yake, kulikuwa na mambo yamejaa mpaka pomoni. Kulikuwa na kesi ya mpaka wa baharini ambayo Somalia ilipeleka Mahakama ya Kimataifa ya Haki tangu 2014 na hukumu ikaja Oktoba 2021, kulikuwa na Jubaland, jimbo la Somalia linalopakana na Kenya, ambapo Mogadishu walikuwa wanasema Kenya inamkingia kifua kiongozi wake Ahmed Madobe, na kulikuwa na marufuku ya miraa tangu Machi 2020. Ziara ya Bihi ikawa ndo kiberiti.

Uhusiano ulirudi Mei 2021 baada ya Qatar kuingilia kati. Miraa ilingoja zaidi, mpaka Julai 2022. Mkulima wa Meru ambaye hata Hargeisa hajui iko upande gani alikaa miaka miwili na zaidi bila soko lake la Mogadishu, na mimi nikisikia watu wakisema mambo ya nje hayatuhusu huwa namkumbuka huyo.

Na ile ofisi ya Somaliland Nairobi, si huo ni ubalozi?

Kwao wao ni ubalozi, kwa Kenya ni ofisi ya uhusiano. Mei 2025 Rais Abdirahman Mohamed Abdullahi, yule wanamuita Irro, alikuja Nairobi kufungua jengo jipya la ofisi yao, akaonana na Rais Ruto pia. Siku chache kabla ya kufungua, wizara yetu ikatoa taarifa kwamba Kenya inaheshimu mamlaka na mipaka ya Somalia na kwamba ofisi hiyo haina hadhi ya ubalozi. Utepe ukakatwa hivo hivo.

Mwaka 2022 ilikuwa imetokea nyingine kama hiyo. Mwakilishi wa Somaliland alialikwa kwa mkutano wa rais na mabalozi, akawekwa na wengine, balozi wa Somalia akasimama akatoka nje, na Kenya ikabidi iombe radhi. Kadi moja ya mwaliko tu. Kwa hii kazi, kiti unachowekwa na bendera ndogo iliyo mbele yako mezani vinasema kuliko hotuba.

Mbona Kenya inaogopa hivyo? Somaliland si ina amani na uchaguzi?

Ina, na kwa wivu wa wengi. Mwaka 2003 uchaguzi wao wa urais uliamuliwa kwa kura 80, themanini tu, na aliyeshindwa akaishia kukubali na nchi ikaendelea. 2010 aliyekuwa madarakani alishindwa akaondoka, 2024 pia. Sio kila mtu ukanda huu anaweza kusema hivo.

Lakini hofu ya Kenya ni ya zamani kuliko Somaliland yenyewe. Angalia nyota ya bendera ya Somalia, ina ncha tano, kila ncha ni eneo la Wasomali: lililokuwa la Waingereza, lililokuwa la Waitaliano, Djibouti, Ogaden ya Ethiopia, na ya tano ni kaskazini mashariki ya Kenya, ile ilikuwa inaitwa NFD (Northern Frontier District). Kabla ya uhuru Waingereza walituma tume 1962 ikakuta watu wengi wa NFD wanataka kwenda Somalia, Uingereza ikaacha eneo libaki Kenya, na kuanzia 1963 mpaka 1967 kukawa na vita vya shifta. Watu walikufa, mifugo ikauawa, vijiji vikafungiwa, na sheria za hali ya hatari zikabaki huko miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Nchi iliyozaliwa ikipigania isikatwe kipande haiwezi kusikia neno kujitenga bila kushtuka.

Na kuna kitu watu wengi hawajui. Waziri mkuu wa Somalia aliyekuja Arusha Oktoba 1967 kusuluhishwa na Jomo Kenyatta, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi, alikuwa Mohamed Haji Ibrahim Egal. Huyo Egal ndo alikuja kuwa rais wa Somaliland kuanzia 1993 mpaka alipofariki 2002. Mtu aliyeipa Kenya amani mpaka wake wa mashariki ndo huyo huyo aliijenga nchi ambayo Kenya haiwezi kuitambua. Mimi hiyo huwa inanigusa.

Lakini Somaliland si ilikuwa nchi 1960?

Ndio, siku tano. Ilipata uhuru kwa Waingereza tarehe 26 Juni 1960, nchi kadhaa zikaitambua, alafu tarehe 1 Julai ikaungana na upande wa Waitaliano. Muungano ulifanywa haraka, pande mbili zilipitisha maandishi yasiyofanana, na kura ya katiba ya 1961 wengi wa kaskazini waliisusia ama wakasema hapana. Baadaye ikaja serikali ya Siad Barre, 1988 ikapiga Hargeisa mabomu kwa ndege zilizokuwa zinaruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huo huo. Moja ya ndege hizo, MiG, imewekwa juu ya nguzo katikati ya mji mpaka leo, ni kumbukumbu yao. Mei 1991 wakakutana Burao wakatangaza wamerudi walikokuwa.

Kwa hivyo hoja yao ni kwamba hawajitengi, wanatoka kwa muungano, na mipaka yao ni ile ile aliyoichora mkoloni. Ujumbe wa Umoja wa Afrika ulienda kuangalia 2005 na ukasema kesi yao ni ya kipekee, isiogopwe kwamba itafungulia kila mtu mlango. Ripoti ikapokelewa na haikufanyiwa kitu. Maoni yangu: kati ya wote wanaolilia kutambuliwa Afrika, hawa ndo wana hoja nzito zaidi kisheria, na kunyamaza kwa Umoja wa Afrika miaka ishirini si haki.

Ile hotuba ya Martin Kimani inaingiaje hapa?

Tarehe 21 Februari 2022 Urusi ilitambua Donetsk na Luhansk, maeneo mawili ya Ukraine, kuwa nchi, na usiku huo huo balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, akaongea kwa Baraza la Usalama. Alisema karibu kila nchi ya Afrika ilizaliwa na kufa kwa himaya, kwamba mipaka yetu hatukuichora sisi, ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kujali watu iliowakata katikati, na kwamba kama tungesema kila kabila ama dini iwe na nchi yake tungekuwa bado tunamwaga damu mpaka leo. Tukaamua kukubali mipaka tuliyoikuta.

Hiyo ndo sera ya Kenya kwa maneno mazuri kuliko waraka wowote wa wizara. Msingi wake ni azimio la Cairo la 1964 la OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika, lililosema nchi ziheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Waliolikataa wakati ule ni wawili, Somalia na Morocco, weka hayo majina kwa kichwa manake yanarudi.

Shida ni kwamba ukilichukua azimio hilo kwa uzito linakusumbua pande mbili. Siku ya uhuru wa Somaliland mpaka wake ulikuwepo. Na siku Uhispania inaondoka Sahara Magharibi, mpaka na Morocco ulikuwepo pia.

Haya, Sahrawi. Kenya inaitambua ama haiitambui?

Tulia, hii ni ndefu.

Sahara Magharibi ilikuwa koloni la Uhispania. Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kulikuwa na viapo vya utii kati ya baadhi ya makabila na sultani wa Morocco lakini hakuna uhusiano wa umiliki wa kuzuia watu wa pale kujiamulia mambo yao, na mwezi uliofuata Morocco ikatuma watu 350,000 wakiandamana kuingia. Tarehe 27 Februari 1976 Polisario, kundi la Wasahrawi linalopigania uhuru, wakatangaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahrawi. Leo Morocco inashika kama asilimia 80 ya eneo, kuna ukuta wa mchanga wa zaidi ya kilomita 2,700 umezungukwa na mabomu ya ardhini, na serikali ya Sahrawi iko hasa kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Kwa hivyo ni tofauti na Somaliland kabisa. Somaliland ina ardhi lakini karibu haina wa kuitambua, Sahrawi imetambuliwa na nchi nyingi na iko ndani ya Umoja wa Afrika, ila ardhi kubwa haina.

OAU iliikubali 1982, Morocco ikaondoka kwa hasira 1984 na haikurudi mpaka 2017. Kenya yenyewe ilikaa miaka mingi bila kusema lolote, ikatambua Juni 2005, Morocco ikanuna ikamuita balozi wake arudi, Oktoba 2006 Kenya ikasema imesimamisha, 2014 Wasahrawi wakafungua ubalozi Nairobi.

Alafu ikaja Septemba 2022. Tarehe 13 Ruto anaapishwa Kasarani, Brahim Ghali, rais wa Sahrawi, ni mmoja wa wageni, ameketi na marais wenzake. Kesho yake, tarehe 14, Ruto anampokea waziri wa Morocco Nasser Bourita na ujumbe wa Mfalme Mohammed VI, na kwa Twitter ya rais inatokea kwamba Kenya imeondoa utambuzi wa Sahrawi na itaanza kufunga ofisi yao. Mgeni wa jana hajafika mbali. Baada ya muda kidogo ile twiti inafutwa. Tarehe 16 aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Macharia Kamau, anaandikia mabalozi kwamba msimamo wa Kenya ni ule wa OAU na Umoja wa Afrika na kwamba Kenya haifanyi sera yake ya nje kwa Twitter. Hiyo yote ni ndani ya siku nne, na wakati huo huo kulikuwa na mazungumzo ya mbolea ya Morocco, ambayo mkulima wa hapa alikuwa anaihitaji kweli kweli.

Mei 2025 ndo mambo yakageuka rasmi. Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alienda Rabat, akafungua ubalozi wa Kenya, na taarifa ya pamoja ikasema mpango wa Morocco wa 2007, ule wa kuwapa Wasahrawi utawala wa ndani chini ya mfalme, ndo njia ya kuaminika na inayowezekana. Oktoba 31 mwaka huo huo Baraza la Usalama nalo likapitisha azimio 2797 lenye kuuchukua mpango huo kama msingi wa mazungumzo. Kwa hivyo jibu la swali lako ni kwamba Kenya imehamia upande wa Rabat, huku Sahrawi ikiwa bado mwanachama mwenzetu wa Umoja wa Afrika tunayekaa naye mkutano mmoja.

Utambuzi ukishatolewa si haurudishwi?

Mkataba wa Montevideo, kifungu cha 6, unasema hivo, utambuzi hauna masharti na haurudishwi. Lakini ule ni mkataba wa nchi za Amerika, Kenya haimo, na dunia nzima inafanya kinyume. Tuvalu na Vanuatu ziliitambua Abkhazia, eneo lililojitenga na Georgia, zikaja zikaacha. Kinachosikitisha ni namna. Ukitambua ukiwa umefikiria, na ukiacha ukiwa umefikiria, watu wataelewa hata wakikasirika, lakini ukienda mbele na nyuma, 2005, 2006, 2014, 2022, 2025, yule aliye kambini Tindouf miaka hamsini anajua jina lake limekuwa kitu cha kupatanwa bei.

Na Kosovo imeingiaje?

Hii ilipita watu wengi hawakuona. Tarehe 26 Machi 2025 Kenya iliitambua Kosovo, iliyojitangazia uhuru kutoka Serbia tarehe 17 Februari 2008. Serbia ililalamika, hapa kwetu hakukuwa na mjadala.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema 2010 kwamba lile tangazo halikuvunja sheria ya kimataifa, kwa hivyo Kenya haijafanya kosa la kisheria. Lakini rudi kwa hotuba ya Kimani uisome tena na Kosovo akilini. Kosovo ilikuwa mkoa ndani ya Serbia, haikuwa hata jamhuri kamili ya Yugoslavia, ilijitoa kwa sababu wengi wao ni Waalbania na walifanyiwa unyama miaka ya 1998 na 1999. Mimi naihurumia na naona walikuwa na haki. Sasa mtu wa Hargeisa ambaye mji wake ulibomolewa 1988 akiuliza mbona wale ndio na sisi hapana, Kenya itamjibu nini? Jibu la kweli ni kwamba Serbia haipakani na sisi na Somalia inapakana. Ni jibu linaloeleweka, ila linafaa lisemwe.

Taiwan je?

Kenya iko na Beijing tangu Desemba 14, 1963, siku mbili baada ya uhuru, na haijageuka. 2016 iliwatuma Wataiwani kadhaa China Bara badala ya Taiwan baada ya kesi ya ulaghai wa simu, Taiwan ikalia sana. Afrika aliyebaki na Taiwan ni Eswatini peke yake. Taiwan na Somaliland wamefunguliana ofisi tangu 2020, wawili ambao nchi nyingi haziwatambui wanashikana mkono, na bado hawajatambuana rasmi wenyewe kwa wenyewe.

Kuna nchi ambazo sheria inakataza kabisa kuzitambua?

Ziko. Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, Baraza la Usalama lilisema asitambue mtu, kwa sababu wazungu wachache walijitangazia uhuru ili wabaki juu ya weusi wengi. Transkei 1976, ile Afrika Kusini ya ubaguzi iliita nchi huru, hakuna mwingine aliyekubali. Kaskazini ya Cyprus tangu 1983 Uturuki peke yake ndo inaitambua na Baraza la Usalama limesema tangazo lile ni batili. Tofauti ni kwamba hizo zilizaliwa kwa jeshi la nje kuingia ama kwa ubaguzi. Somaliland hakuna anayesema ni ya namna hiyo, kwa hivyo Kenya ikiamua kesho kuitambua haitavunja sheria, itavunja tu urafiki.

Kuna nchi ya Afrika Mashariki ilishawahi kutambua waliojitenga?

Tanzania, Aprili 13, 1968, ilitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Nyerere alisema umoja hauwezi kuwa wa kulazimishwa kwa bunduki juu ya watu wanaoona hauna usalama wao tena. Zambia, Gabon na Ivory Coast zikafuata, na Haiti. Nigeria ilikasirika vibaya, Biafra ikaanguka Januari 1970. Unaweza kusema alikosea, lakini aliandika sababu zake wazi na akasimama nazo, na hiyo ndo naona inakosekana kwetu.

Nani anaamua hapa Kenya?

Rais na serikali yake. Mkataba wa kimataifa lazima upitie Bunge kwa sheria ya 2012, lakini kutambua nchi si mkataba, kwa hivyo kunaweza kufanywa kwa sahihi moja, ama kama tulivyoona, kwa simu ya mtu wa mawasiliano. Ningependa kamati ya Bunge iulizwe kabla, na sababu ziandikwe ziwekwe wazi. Si lazima Bunge liwe na kura ya turufu, inatosha waziri kukaa mbele ya wabunge na kueleza kwa nini hii ndio na ile hapana.

Israel kuitambua Somaliland kumebadilisha nini?

Tarehe 26 Desemba 2025 Israel ikawa mwanachama wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuitambua Somaliland. Hargeisa watu walijaa barabarani na bendera. Somalia ikapinga, Umoja wa Afrika ukapinga, Misri, Uturuki na Djibouti vilevile. Kwa Kenya jambo limekuwa gumu zaidi, kwa sababu Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na huwezi kuketi meza moja ya jumuiya na mtu huku unaigawa nyumba yake. Alafu Berbera bandari yake imepanuliwa na DP World, kampuni ya Dubai, Ethiopia inaitaka bahari, ilitia sahihi hati na Hargeisa Januari 1, 2024 na moto ukawaka mpaka Uturuki ikawapatanisha Addis na Mogadishu Desemba mwaka huo. Kila anayeigusa Somaliland saa hii anagusa na Bahari ya Shamu.

Na huko ndani Somaliland wote wanataka kujitenga?

Hapana, na marafiki zangu wa Hargeisa hawapendi nikisema hivi. Kura ya maoni ya 2001 ilipata zaidi ya asilimia 97 ya ndio, lakini upande wa mashariki, Sool na kwingineko, wengi hawakushiriki. 2023 kulikuwa na vita Las Anod, mji wa Sool, watu walikufa na maelfu wakakimbia makwao, na jeshi la Somaliland likatoka mji huo. Leo pale kuna utawala ulioanza kwa jina la SSC-Khatumo, ambao Mogadishu imeukubali kama sehemu ya shirikisho lake. Kwa hivyo ile hoja ya mipaka ya mkoloni inagonga ukuta hapo hapo nyumbani: Somaliland inasema mpaka wa 1960 usiguswe, na watu wa Las Anod wanasema wao pia hawakuulizwa.

Nimeoa Hargeisa, cheti changu cha ndoa kitakubaliwa?

Hili swali ndo linaulizwa na watu wenye shida ya kweli. Kuna kanuni ilitoka kwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki 1971, kesi ya Namibia, wakati Afrika Kusini ilikuwa inaishika Namibia kinyume cha sheria. Mahakama ilisema matendo ya utawala ule ni batili, lakini usiwaadhibu watu wa kawaida kwa hilo, kuandikishwa kwa kuzaliwa, kifo na ndoa kuheshimiwe. Mtoto aliyezaliwa amezaliwa, hata kama aliyeandika cheti hatambuliwi na mtu.

Hiyo ni kanuni, na dirishani kwa afisa ni kitu kingine. Afisa akiona muhuri wa Somaliland anaweza kukuambia ulete wa Mogadishu, na Mogadishu hawana rekodi zako kwa sababu hawakuwepo. Kwa hivyo usitegemee karatasi moja. Ndoa ikiwa ya Kiislamu chukua na maandishi ya kadhi aliyewafungisha, pamoja na majina ya mashahidi na namba zao za simu, tafsiri kila kitu na mtafsiri anayekubalika na mahakama, na wakili wako aandae kiapo cha maandishi kinachoeleza ndoa ilifanyika wapi na lini. Mtoto akizaliwa huko mshughulikie uraia wake wa Kenya mapema, ukitumia ushahidi kwamba mzazi ni Mkenya, kabla hajafika umri wa kutafuta shule.